Binti Yangu Anaagiza Chakula Kwangu, Hajui Mpishi Ni Mimi

Mpendwa mshauri,

Msaada ninaokuomba nauomba nikiwa jikoni, kalamu mkono mmoja na mwiko mkono mwingine, maana nisipoandika sasa hivi maharage yakiwa motoni sitaandika tena, na siku zilizobaki ni tano tu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na minne, mjane, nina mtoto mmoja wa pekee, binti, ambaye baba yake alimpa jina la utani Chiriku tangu ana miaka mitatu kwa sababu alikuwa akiongea kuanzia anapoamka hadi anaposinzia, na yaliyobaki anayamalizia usingizini, na huyo Chiriku wangu hatujaongea mwaka mmoja na miezi minne, ila karibu kila siku ya kazi anakula chakula nilichokipika mimi, tena anakisifu, na hajui kama ni mimi.

Ngoja nianze mwanzo usije ukasema nimerukwa na akili.

Nimekuwa mpishi wa shule miaka ishirini na miwili, yale mapishi ya sufuria ambazo lazima upande kigoda ndipo mwiko ufike chini, na mume wangu alikuwa seremala, mtu wa maneno matamu na tumbo lisilojua hapana. Alipopatikana na presha na sukari daktari alituita wote wawili akasema chumvi basi, mafuta basi, vitamu basi, nami nikanunua sufuria ndogo ya peke yake nikawa nampikia kando. Sasa mshauri, wewe hukumjua mume wangu. Akimaliza cha kwake alikuwa anakuja kusimama mlangoni mwa jiko, anaegemea fremu aliyoichonga mwenyewe, anasema, "Mama Chiriku, nichotee kijiko kimoja tu kutoka sufuria yenu. Mimi si mgonjwa, mimi ni mtu." Nami namchotea. Siku ya kwanza kijiko, siku ya pili upawa, mwishowe nilikuwa namtilia chumvi kwa mkono wangu huu na kumwambia asimwambie mtoto. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu wa tumbo moja. Mume wangu alianguka asubuhi moja karakanani kwake, randa mkononi, na mimi nilipofika hospitali walishamfunika.

Baada ya msiba Chiriku akabadilika. Anafanya kazi kwenye kampuni ya kupokea simu za wateja wenye malalamiko, na akirudi nyumbani anashika simu yake mwenyewe anasoma habari za vyakula, leo ngano ni sumu, kesho sukari, keshokutwa mafuta, mara haruhusiwi kula kabla ya saa sita mchana, mara amenunua unga wa mbegu sijui gani wa kukoroga na maji anakunywa akiwa amesimama, na siku moja akaleta mzani mdogo wa kupimia chakula, mzani mshauri, kama wa sonara, anapima wali kwa punje. Mimi niliyelisha watoto mia nne kwa siku bila mmoja kuumwa tumbo, mwanangu mwenyewe anapima chakula changu kama mtu anayeogopa kupunjwa! Nikavumilia. Nilikuwa napakua sahani mbili, yake inalala na kifuniko chake, asubuhi nawamwagia kuku wa jirani, na kuku wale walinenepa mpaka jirani akaja kunishukuru.

Jumapili moja wifi yangu, dada wa marehemu, alikuja kula nasi, nami nikapika kwa moyo wote, nyama, viazi vya kukaanga, mchuzi unaong'aa. Chiriku akatoka chumbani na kibakuli chake cha majani, na ule mzani akauweka katikati ya meza. Shangazi yake akacheka, "Makubwa! Siku hizi chakula kinapimwa kama dhahabu?" Kile kicheko ndicho kilichonichoma. Nikauchukua mzani nikautupa kwenye ndoo ya taka nikasema, "Meza yangu ni ya watu wanaokula. Ukitaka kula kama mgonjwa, hospitali iko wazi." Akanitazama, wala hakupaza sauti, akasema, "Mama, baba hakuuawa na presha. Aliuawa na sufuria yako."

Wifi yangu kijiko kikamgandia hewani. Mimi nikasema neno moja tu, toka, naye akatoka, begi moja begani. Mtu akikusingizia unaweza kukasirika ukalala, lakini hili sikulala, kwa sababu nilikuwa najua mkono wangu ulifanya nini.

Mwaka haujaisha shule nayo ikafunga jiko, wakaleta kampuni inayogawa chakula kwenye vifurushi, nikabaki na mikono mitupu. Jirani yangu mmoja, msusi, akaniambia, "Dada, watu siku hizi hawakifuati chakula, chakula ndicho kinawafuata. Tena wanataka chepesi, mafuta kidogo, chumvi kidogo." Ana saluni yake mtaa wa pili na chumba cha uani kilikuwa tupu, akanipa hicho, akaniandikisha kwenye programu ya simu ya kuagizia chakula, akaweka picha ya jani badala ya sura yangu na jina Jiko Jepesi, nami nikaanza kujifunza kupika upya kama mwari. Nilichemsha niliyozoea kukaanga, nikaweka limau na tangawizi mahali pa chumvi, nikanunua mzani, ndiyo, mzani, wa aina ile ile ya ule nilioutupa, na kila nikipima nasikia aibu. Yote aliyokuwa akiniambia mwanangu nikayajifunza, isipokuwa mwenyewe hakuwepo kuniona.

Mwezi wa pili wa kazi ikaingia oda, jina la mteja Chiriku. Nikajiambia machiriku ni wengi duniani. Chini ya oda kuna mahali mteja anaandika anavyotaka, nikasoma: "Karoti zikatwe magurudumu tafadhali." Mtu mwingine angesema duara, angesema mviringo. Magurudumu ni neno la nyumbani kwetu, baba yake alilianzisha mtoto alipokuwa hataki mboga, anamwambia gari la tumboni haliendi bila magurudumu. Nilizikata karoti zile machozi yakinitiririka, na kitunguu hakikuwepo hata kimoja.

Chakula kinapelekwa na mwendesha pikipiki mmoja, mtu mzima mwenzangu, tunamwita Breki kwa kuwa ndicho kitu pikipiki yake imekosa. Aliporudi nikamkamata, "Amekonda?"

"Mama, mimi nimepeleka chakula, sikwenda kuposa."

"Nakuuliza, amekonda?"

"Ana macho ya mtu asiyelala vizuri. Alipofungua kifuniko alinusa kwanza, akafumba macho. Basi, hayo tu."

Hilo la kufumba macho nililiishi wiki nzima.

Ikawa desturi. Saa sita mchana nikisikia simu inalia moyo unaruka kama wa msichana anayengoja barua. Akawa ananiandikia na meseji ndogo ndogo, "Mpishi, leo nimetukanwa na wateja thelathini, umeniokoa," namjibu, "Pole, kula taratibu." Siku moja akauliza nani alinifundisha kupika namna hii, nikamjibu kweli tupu, "Mwanangu." Akaandika, "Una bahati. Mimi na mama hatuongei. Nilimwambia neno lisilorudi." Na hapo ndipo nilipokosea, mshauri, ungekuwa karibu ungenizaba kofi, maana badala ya kusema ni mimi, nikauliza kama mtu baki, "Neno gani?"

Akanimwagia yote. Kwamba alimwambia mama yake ndiye aliyemuua baba, na wakati anasema alijua si haki, kwa sababu yeye mwenyewe kila Ijumaa akitoka kazini alikuwa anapitia karakanani na soda baridi na keki, na baba anazipokea huku anamwambia, "Chiriku, usimwambie mama yako. Mimi si mgonjwa, mimi ni mtu." Maneno yale yale! Kumbe yule mzee alituweka foleni wote wawili, mmoja mlango wa mbele, mwingine mlango wa nyuma! Nilicheka, kisha nikalia, wali ukaungua, oda nne zikachelewa. Akamalizia, "Mzigo wangu nilimtwisha mama. Sasa nitaanzaje kumtazama usoni?" Nikaandika, ni mimi, mama yako. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Nikatuma, "Kula kabla hakijapoa."

Juzi ndiyo ameniletea hii: "Mpishi, Jumamosi ijayo siko kazini. Naweza kuja kulia hapo jikoni kwenu? Najua hamna meza za wateja, hata kwenye ndoo nitakaa. Nimechoka kula peke yangu nikitazama simu."

Sijamjibu. Nikimwambia njoo, atafungua mlango akute ni mimi, ajue nimeishika siri yake mkononi miezi yote hii, na huenda nisimwone tena hadi nazikwa. Nikimwambia usije, nitakuwa nimemfukuza mara ya pili. Msusi anasema nijifiche, yeye avae aproni yangu ajifanye mpishi, na mimi nimchungulie mwanangu kwenye upenyo wa pazia, na aibu yangu ni kwamba nimekaa nikalifikiria hilo kabisa. Au ninyamaze tu, niendelee kumlisha hivi hivi? Si bora mama asiyejulikana kuliko mama asiyekuwepo? Nina hamu naye, mshauri. Sitaki aniombe msamaha, sitaki chochote, nina hamu ya kumsikia akitafuna upande wa pili wa meza. Barua hii namkabidhi Breki ailete ofisini kwenu, na namba yangu ya simu iko nyuma.

Mimi,
Mpishi wa Uani

MSHAURI ANAJIBU

Mama Chiriku,

Wasomaji wajue kwamba nilikupigia simu siku ile ile, kwa sababu Jumamosi yako haikuweza kungoja ukurasa huu. Haya ninayoandika ndiyo niliyokuambia, pamoja na machache niliyoyameza kwa sababu ulikuwa unalia.

Mwambie msusi wako ashughulike na nywele. Mtu ambaye binti yake ameomba kuja kula naye hajifichi nyuma ya pazia.

Hukumuua mume wako. Lakini pia hukumlinda, na yote mawili utayabeba, usichague moja jepesi ukaacha jingine. Yule alikuwa mtu mzima, daktari alisema mbele yake, masikio alikuwa nayo. Aliwaomba mnaompenda jambo mlilopaswa kukataa, nanyi mkashindwa, kila mmoja kwa siri yake. Ninamhurumia yeye, nawahurumia na ninyi, maana kumnyima chakula mtu anayekuchekea mlangoni si kazi ndogo. Ila kijiko kimoja na upawa ni vitu viwili tofauti, mama, na wewe mpishi unajua.

Ule mzani uliotupa kwenye taka ulikuwa hofu, nawe hukuiona. Mtoto amemzika baba yake aliyekufa ghafla, anajua ana damu yake, anashika kila ushauri anaoukuta kwenye simu, wa maana na wa kipuuzi, kama mtu anayeshika majani mtoni. Wewe ulidhani anadharau mkono wako. Alikuwa anaogopa kufa. Ungemuuliza swali moja tu siku ile, "Mwanangu, unaogopa nini?" Jumapili ile ingeisha vingine. Naye, kwa kuwa najua atasoma hapa: binti yangu, neno ulilomwambia mama yako mbele ya shangazi yako lilikuwa la kikatili, na wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Sasa kosa lako kubwa. Si kumpikia. Kumpikia mwanao bila kujitaja, wiki ya kwanza, ya pili, nani atakulaumu? Kosa ni lile swali, "Neno gani?" Hapo uliingia chumbani kwa mtu kwa kupitia dirishani. Siri ile alimpa mgeni kwa sababu mgeni hana cha kumdai. Huwezi kuirudisha, lakini unaweza kuacha kuikalia.

Umeniuliza kama si bora mama asiyejulikana kuliko asiyekuwepo. Hapana. Huyo unayemsema si mama, huyo ni mgahawa. Anakulipa, unampikia, mmemalizana. Mtoto wako amekuambia waziwazi kwamba amechoka kula peke yake, na wewe unafikiria kuendelea kumpelekea kifurushi!

Kwa hiyo fanya hivi, tena leo, usingoje asubuhi ya Jumamosi ujipe moyo. Chukua simu yako wewe, namba yako anayoijua, siyo ya lile jani, umwandikie kwamba mpishi wa Jiko Jepesi ni wewe. Mwambie ulijua tangu oda ya kwanza. Mwambie ulimuuliza lile swali kwa hila na ulikosea. Halafu mpe siri yako ya chumvi, yote, bila kupunguza, kwa sababu yake umeshaichukua na si haki mmoja abaki uchi mwingine amevaa. Usimwandikie "lakini". Usimkumbushe ya uzazi na unyonyeshaji. Mwelekeze mahali, mwambie Jumamosi mlango utakuwa wazi na sahani zitakuwa mbili, basi, uweke simu chini. Lazima ajue kabla hajafika, aje kwa miguu yake na akili yake. Ukimwacha ashtukie mlangoni, huo ni mtego, hata kama ndani yake kuna maharage mazuri kiasi gani.

Akija, usimrukie kwa kilio, usimshike mpaka akushike. Wifi asiwepo, msusi asiwepo, huyo Breki wako naye apaki mbali. Asipokuja, usimtumie chakula. Mkae na njaa hiyo wote wawili mpaka mmoja aseme.

*

Nilikuwa nimeshamaliza ukurasa huu Jumatatu asubuhi nikapokea ujumbe huu kwenye simu, na mwenyewe ameniruhusu niuweke hapa.

"Mshauri, nilimwandikia Jumatatu ile ile jioni kama ulivyosema. Hakujibu. Jumanne hakuagiza, Jumatano hakuagiza, mpaka Ijumaa kimya, Breki akawa ananiuliza yule wetu wa kunusa kahama? Jumamosi nikapika, nikafungua mlango. Saa saba. Saa nane. Chakula nimekirudisha motoni mara mbili. Saa tisa unusu akaja. Amekonda, mshauri, na amekata nywele. Akasimama mlangoni anatazama jiko lote, masufuria, makopo, aproni, akasema, Ulinidanganya miezi minne. Nikasema ndiyo. Akasema, Na chumvi ulimpa kweli? Nikasema nilimpa. Akageuka akatazama nje. Nilijua anaondoka, nikaanza kuipanga sura yangu asiione inavyovunjika. Akauliza, Na wewe umekula? Nikasema bado. Akavua viatu."

Vizuri, Mama Chiriku. Sasa sikiliza, kwa sababu furaha ndiyo inayoharibu mambo haraka kuliko hasira. Usimuulize atarudi nyumbani lini. Alikuja kula, mwache ale. Jumamosi ijayo apike yeye, kwa kanuni zake zote, na wewe umenye vitunguu ukiwa umefunga mdomo. Ya baba yake yatakuja yenyewe, mkiwa mnaosha vyombo.

Na kabla ya Jumamosi hiyo, nendeni kliniki, wewe na yeye, siku moja, benchi moja, mkapimwe presha na sukari. Hofu ya mwanao imeishi kwenye simu muda wa kutosha, ipelekeni kwa mtu mwenye kipimo. Wiki hii, siyo mwezi ujao.